Nimetembelea makumbusho ya Ferrari na Lamborghini Italia, ila trekta ndilo lililonishika zaidi

Fundi wa Kizota

Mbukwenyi wakuu. Uzi huu ni mrefu, nitauweka kwa vipande kadiri nafasi inavyopatikana.

Mimi ni fundi matrekta, gereji yangu iko Kizota hapa Dodoma. Nilipata nafasi ya kwenda Bologna, Italia, kwenye EIMA, maonyesho ya zana za kilimo ambayo hufanyika Novemba kila baada ya miaka miwili. Kazi ilipoisha nikaongeza siku chache kwa fedha yangu, kwa sababu ukiwa Bologna umezungukwa na majina yote ambayo vijana wetu huyabandika kwenye bajaji. Ferrari wako Maranello na Modena. Lamborghini wako Sant'Agata Bolognese. Maserati wako Modena. Pagani wako San Cesario sul Panaro. Hata pikipiki za Ducati ziko Borgo Panigale, palepale Bologna. Hakuna pa mbali: ni safari za mtu anayetoka Dodoma mjini kwenda Chamwino au Bahi akarudi jioni.

Niseme mapema ninachokiamini baada ya kuona yote hayo, ili anayetaka kubisha ajipange. Magari haya yalizaliwa gereji na shambani, mikononi mwa watu waliookota vyuma vya vita wakavitafutia kazi nyingine. Wenzetu wametunza mpaka kile chuma cha kwanza, kibovu, kisicho na sura. Sisi kanda ya kati tulikuwa na vyuma vya asili hiyohiyo, miaka ileile, na vingi tumevipima kwa kilo.

Naanza na Ferrari, halafu nitafika huko.

Kijana wa Makulu

Nimekaa mkao wa kula. Mkuu, picha usisahau.

Fundi wa Kizota

Picha zipo kwenye simu, nitazipandisha nikipata mtandao mzuri.

Nilianzia Modena. Makumbusho ya Enzo Ferrari yako karibu na stesheni ya treni, unafika kwa miguu. Yalifunguliwa mwaka 2012 na yana majengo mawili. Jipya lina paa la njano la alumini lenye umbo la boneti, lilichorwa na msanifu Jan Kaplický, ambaye alifariki 2009 kabla kazi haijakamilika. Wageni wengi wanakimbilia humo kwa kuwa ndimo magari yalimopangwa. Mimi nilikaa sana kwenye lile la zamani la matofali. Hilo ndilo lilikuwa karakana ya Alfredo Ferrari, baba yake Enzo, mwanzilishi wa Ferrari. Mzee alikuwa fundi wa vyuma, akipata kazi za reli, na Enzo, aliyezaliwa 1898, alikulia kwenye kelele za nyundo. Leo mle ndani wameweka injini.

Wakuu, naomba mnivumilie hapa maana hapa ndipo penye utamu kwa fundi. Ferrari ya kwanza, 125 S ya mwaka 1947, ilikuwa na injini ya V12, yaani silinda kumi na mbili zilizopangwa kwa umbo la V, iliyochorwa na Gioacchino Colombo. Ukisikia V12 unadhani ni dude kubwa. Ilikuwa lita moja na nusu tu! Gawanya kwa silinda kumi na mbili, unapata cc 125 kwa kila moja, na jina la gari limetoka humo. Bodaboda nyingi zinazopita Sabasaba zina silinda moja ya ukubwa huohuo. Kwa hiyo ajabu haikuwa ukubwa. Ajabu ilikuwa kuzipanga kumi na mbili kwenye krenki moja, ziwake kwa zamu bila kugombana, tena katika nchi iliyokuwa bado inazoa vifusi.

Kiwanda chenyewe kilihama kutoka Modena kwenda Maranello mwaka 1943 kwa sababu ya vita, na wakati huo kilitengeneza mashine za karakana, magari hayakuwepo. Mwaka 1944 kikapigwa mabomu. Miaka mitatu baadaye 125 S inatoka getini. Mei 1947 inaingia mashindano ya kwanza Piacenza, inaongoza, inasimama njiani kwa tatizo la pampu ya mafuta. Mwezi uleule inakwenda Roma ikiendeshwa na Franco Cortese, inashinda. Mtu aliyewahi kulala chini ya trekta usiku kwa ajili ya pampu, asubuhi likaingia shambani, anaijua furaha waliyoipata.

Mtoto wa Majengo

Mkuu hiyo ya cc 125 sikuwahi kuijua na nimeshabikia Ferrari tangu utoto. Na yule farasi wa kwenye nembo ya Ferrari?

Fundi wa Kizota

Farasi alikuwa alama ya Francesco Baracca, rubani wa Italia wa vita ya kwanza ya dunia, aliifanya ichorwe kwenye ndege yake. Enzo aliposhinda mbio za Savio kule Ravenna mwaka 1923 alikutana na wazazi wa rubani huyo, ambaye alikuwa ameshafariki, na mama yake ndiye aliyemwambia aiweke kwenye magari yake. Njano iliyo nyuma ya farasi ni rangi ya mji wa Modena.

Maranello sasa. Makumbusho ya pale yalifunguliwa 1990, yako jirani kabisa na kiwanda. Kuna tiketi ya pamoja ya Modena na Maranello, na basi la wageni linalounganisha sehemu hizo mbili. Ukumbi wa ushindi ndio unaopigwa picha sana: magari ya mashindano yamepangwa, nyuma yake ukuta mzima wa vikombe.

Mimi gari langu pale ni F40. Ilitoka 1987, na ndiyo ya mwisho kutoka akiwa hai Enzo mwenyewe, kwani alifariki Agosti 1988. Injini lita 2.9, silinda nane, turbo mbili, nguvu za farasi 478, mwendo wa kilomita 324 kwa saa. Ukichungulia ndani hakuna zulia, na mlango unafunguliwa kwa kuvuta kamba. Kila kisichosaidia mwendo kimetupwa. Naiheshimu gari ya namna hiyo. Nilikaa nayo mpaka mlinzi akaanza kuniangalia.

Nje kuna watu wanakodisha Ferrari kwa dakika, unaendesha mwalimu akiwa pembeni. Sikukodi. Fedha ile nilikuwa nimeitengea Lamborghini.

Mnyaturu wa Manyoni

Fundi, hongera kwa safari, lakini nitasema ukweli wangu. Mtu anatoka kwenye nchi ambayo trekta bado ni la kukodi kwa ekari, anakwenda kulipa kiingilio kuangalia magari ya matajiri. Mimi sioni tulichopata. Gari ambalo likivuka tuta la Kintinku linakatika katikati lina faida gani kwetu?

Fundi wa Kizota

Kaka wa Manyoni, nakushukuru kwa swali, maana linanipeleka nilipotaka kwenda. Soma hiki kipande taratibu, kisha uniambie kama bado ni habari za matajiri.

Makumbusho ya Lamborghini yako mawili na watu huyachanganya. Moja ni la kampuni, kiwandani Sant'Agata. Jingine liko Funo di Argelato, nje kidogo ya Bologna, lilifunguliwa 2014 na Tonino Lamborghini kwa heshima ya baba yake, Ferruccio, mwanzilishi wa Lamborghini. Limewekwa ndani ya jengo lililokuwa kiwanda chake cha vifaa vya haidroliki. Mwenye nafasi ya moja tu aende Funo.

Ferruccio alizaliwa 1916 kijiji cha Renazzo, wazazi wake wakulima wa zabibu. Yeye alipenda spana. Vitani alipelekwa kisiwa cha Rhodes kutengeneza magari ya jeshi, na unajua fundi wa kisiwani: spea haziji, unatengeneza kwa kilichopo. Vita ilipokwisha alirudi nyumbani akafungua gereji Pieve di Cento. Wakulima wa kwao walitaka matrekta na hawakuwa na fedha. Viwanja vilijaa magari ya kijeshi yaliyoachwa. Akachukua injini za Morris na vyuma vingine vya jeshi, akaunga trekta. Likaitwa Carioca, mwaka 1948.

Kuna kitu alikibuni ambacho mafundi wa humu mtakipenda. Petroli ilikuwa ghali mno Italia. Akatengeneza kifaa cha kuifanya ile injini ya Morris iwashwe kwa petroli, ikishapata joto ihamie kwenye mafuta ya bei nafuu. Wazee waliotumia Ferguson za zamani za mafuta ya taa wanaujua mchezo huo: petroli kwanza, ukiona joto limepanda unageuza koki.

Carioca lipo Funo. Nimelishika kwa macho mpaka nikaridhika, bolti kwa bolti. Halina urembo wowote. Unaona kabisa sehemu ambazo chuma kilikatwa kwa msumeno wa mkono kikalazimishwa kukubaliana na kingine. Chumba hichohicho, hatua chache mbele, wameegesha Miura SV, gari la michezo la Lamborghini alilolitumia Ferruccio mwenyewe. Trekta la vyuma vya kuokota na moja ya magari mazuri kuliko yote yaliyowahi kutengenezwa, chini ya paa moja, mtu ni mmoja. Kati ya hilo na hilo ni kama miaka ishirini na kitu.

Kaka, fedha ya kutengeneza magari ilitoka kwa wakulima walionunua matrekta. Hii ni habari yetu kuliko unavyofikiri.

Kijana wa Makulu

Na ile hadithi kwamba aligombana na Enzo ni ya kweli?

Fundi wa Kizota

Ferruccio aliisimulia mwenyewe kwa miaka mingi: alikuwa na Ferrari, klachi ikawa inamsumbua, akaenda kulalamika, akajibiwa kwamba dereva wa matrekta hawezi kujua gari. Watu wa magari wanabishana kuhusu maneno gani hasa yalisemwa. Kilicho wazi ni kwamba 1963 alianzisha kampuni ya magari Sant'Agata, injini ya V12 akachorewa na Giotto Bizzarrini, aliyetoka Ferrari, na 1964 magari ya 350 GT yakaanza kutoka kiwandani.

Miura ilionyeshwa Geneva 1966. Gian Paolo Dallara na Paolo Stanzani upande wa uhandisi, Marcello Gandini wa Bertone, kampuni ya kuchora magari, upande wa umbo, wote vijana wa chini ya miaka thelathini na tano. Injini imelazwa kwa upana nyuma ya dereva, na ili itoshe, gia boksi imemwagwa pamoja na injini kwenye chuma kimoja, zikitumia oili moja. Fundi akisikia hivyo anashtuka, maana meno ya gia yakilika, chenga zinaingia kwenye beringi za injini. Baadaye, kwenye baadhi ya Miura SV za mwisho, wakatenganisha oili. Naipenda hadithi hiyo kwa sababu inaonyesha kwamba hata uzuri ule ulirekebishwa kwa spana, hatua kwa hatua.

Mnyaturu wa Manyoni

Sawa fundi, nimesoma. Nabaki na wasiwasi wangu wa kiingilio, ila la trekta limenigusa.

Mwalimu Kongwa

Nimefuatilia tangu mwanzo kimya kimya. Fundi umetaja vyuma vya miaka ileile kanda ya kati, basi niruhusu niingie, kwa sababu naishi juu ya historia hiyo na nafundisha watoto wanaoikanyaga bila kuijua.

Mradi wa Karanga wa Waingereza ulianza Kongwa mwaka 1947. Uingereza baada ya vita ilikosa mafuta ya kula, ikapanga kulima karanga kwenye ekari zaidi ya milioni tatu, sehemu kubwa Tanganyika. Matrekta mapya hayakupatikana. Wakanunua mabuldoza ya jeshi la Marekani yaliyobaki Ufilipino na Misri, mengi yakiwa yamechoka kabla hayajafika bandarini Dar. Kisha ikaja ajabu kubwa zaidi: kampuni ya Vickers ilichukua vifaru vya Sherman, ikavivua mizinga, ikavigeuza matrekta, yakaitwa Shervick. Yaliletwa huku kung'oa mibuyu na vichaka vyetu.

Ardhi ya Kongwa mnaijua. Masika ni tope, kiangazi udongo wa mfinyanzi unakauka unakuwa saruji, majembe yanakatika. Mvua nayo ni ya kubahatisha, na mzee yeyote wa Kigogo angewaambia hivyo siku ya kwanza kama angeulizwa. Mwanzoni mwa 1951 mradi ukafutwa, paundi milioni 36 na zaidi zimepotea.

Kwa hiyo Fundi, Ferruccio anaunga injini za Morris kule Cento 1948, huku Kongwa mwaka huohuo vifaru vinalima. Asili moja kabisa: chuma cha vita kinatafutiwa kazi ya shamba. Kule kuna jumba la makumbusho. Hapa nikiwapeleka wanafunzi nawaonyesha misingi ya nyumba na njia ya zamani ya reli, mashine nawasimulia kwa mdomo.

Fundi wa Kizota

Mwalimu, umesema nilichokuwa nakitafutia maneno. Nikiwa mbele ya Carioca, Kongwa ndiyo iliyonijia. Nilipoanza ufundi, vipande vya mashine za Mradi wa Karanga vilikuwa bado vinaonekana mashambani, mnyororo hapa, roller kule. Kila mwaka vikawa vinapungua.

Mnunuzi wa Vyuma

Wakuu, nisingependa kukaa kimya maana naona mkono unanielekea. Chuma chakavu ndiyo kazi iliyosomesha watoto wangu. Mama ana njaa mwezi wa pili, chakula cha ghalani kimeisha, nyuma ya nyumba kuna chuma cha kilo mia mbili. Mlitaka akae nacho kwa ajili ya kumbukumbu? Kama kuna mtu au ofisi ingesema "hiki usiuze, chukua fedha hii", kingebaki. Hakuja mtu.

Fundi wa Kizota

Ndugu yangu, hakuna anayekulaumu, na mimi mwenyewe nanunua spea kuukuu kwa watu kama wewe. Umesema jambo la maana sana: hakuja mtu. Tena wewe ndiye unayejua vilikotoka na vilivyobaki viko kwa nani. Ningependa ukae upande wetu kwenye hili.

Mwalimu Kongwa

Naongeza upande wa sheria, maana wengi wanadhani vitu hivi vinalindwa. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inazitambua moja kwa moja mali kale zinazohamishika zilizotengenezwa kabla ya mwaka 1863, na majengo ya kabla ya 1886. Hati ya gari la Karl Benz, linalohesabiwa kuwa la kwanza, ni ya Januari 1886. Kwa kipimo cha 1863, hakuna gari hata moja la petroli linaloingia, seuze trekta la 1947. Njia iliyobaki ni serikali kukitangaza kitu maalumu kuwa cha kulindwa, na haiwezi kukitangaza kisichoorodheshwa na mtu.

Makumbusho ya Taifa Dar wana magari ya viongozi, likiwemo Rolls-Royce. Hapa Dodoma tuna ya madini na miamba pale Jiolojia. Mashine zilizolima nchi hii hazina nyumba.

Utingo Mstaafu, Iringa

Wanangu, nimeonyeshwa uzi huu na mjukuu. Mnataja Waitaliano mkaruka Fiat. Rhodesia, Zimbabwe ya leo, ilipojitangazia uhuru wake Novemba 1965, Zambia ilibanwa mafuta, mzigo ukahamia barabara ya Dar, Iringa, Mbeya, ikiwa bado vumbi na matope. Ikaundwa kampuni ya Zambia-Tanzania Road Services, malori yake Fiat na matrela, kwa mamia. Mimi nilikuwa utingo kijana. Kitonga ile ya zamani tulikuwa tunapanda na gogo la kuwekea tairi mkononi, unatembea pembeni ya lori, breki ikikataa unalitupa. Fiat 682 ilikuwa na mlio wake, ukiwa Mahenge unasikia iko kona gani. Kule Italia umeziona?

Fundi wa Kizota

Shikamoo mzee wangu. Kwenye makumbusho hizi za magari ya mbio sikuliona lori. Mzee, naomba sana, mjukuu akurekodi ukisimulia Kitonga, na gogo lile, na mlio ule. Hayo hayapo kwenye kabati la mtu yeyote Italia.

Utingo Mstaafu, Iringa

Marahaba. Nitamwambia.

Mama Zabibu, Hombolo

Fundi mimi magari siyajui vizuri, ila umesema wazazi wa huyo Ferruccio walilima zabibu. Kule wanafanyaje zisioze? Maana huku msimu ukifika viwanda vikijaa tunaangalia mzigo unaharibika.

Fundi wa Kizota

Dada, hili nililiulizia kwa ajili yenu. Modena ni nchi ya zabibu mpaka kando ya viwanda vya magari. Mvinyo wao unaitwa Lambrusco. Lakini lililonifungua macho ni siki. Wanakamua maji ya zabibu, wanayachemsha taratibu mpaka yawe mazito, kisha yanakaa kwenye mapipa ya mbao, yakihamishwa kutoka pipa kubwa kwenda dogo. Ile ya jadi haiuzwi kabla ya miaka 12, na ya daraja la juu miaka 25. Chupa yake ni ndogo kabisa na bei yake inaogopesha. Zipo pia za kawaida za bei nafuu zinazokwenda dunia nzima. Kwa maana hiyo zabibu ambayo wiki hii haina mnunuzi inaweza kusubiri, ila inahitaji mapipa, kuni na mtu mwenye subira.

Na Ferruccio mwenyewe, miaka ya 1970 alipouza hisa zake za magari na kiwanda cha matrekta, alihamia Umbria karibu na ziwa Trasimeno, akapanda mizabibu. Alikufa 1993 akiwa mkulima. Mvinyo wake aliuita Sangue di Miura, damu ya Miura.

Mama Zabibu, Hombolo

Nimepiga picha ya jibu lako naipeleka kwenye kikundi. Asante kaka.

Daktari wa Mifugo, Mpwapwa

Kwenye mada hiyohiyo ya mashamba. Nilipata kozi ya ng'ombe wa maziwa kanda ile, kipindi cha kiangazi chao, wakatupeleka shamba linaloitwa Hombre, nje ya Modena, la familia ya Panini. Ni walewale wa vitabu vya kubandika picha za wachezaji. Ng'ombe wa maziwa, jibini ya Parmigiano Reggiano inayokaa angalau mwaka mzima ndipo iuzwe, na pembeni ya zizi jengo lenye Maserati za zamani. Mwaka 1996 mkusanyo huo ulikuwa uende kupigwa mnada London, Umberto Panini akaununua ili usiondoke Modena. Kuna Maserati inaitwa Eldorado, ya 1958, nyeupe, Stirling Moss aliiendesha Monza, mdhamini wake alikuwa kampuni ya aiskrimu. Na wana matrekta ya zamani pia! Kuingia hawatozi, ila lazima uombe nafasi kabla, na miezi ya baridi hufunga.

Mtu mwenye ng'ombe ndiye aliyeyaokoa magari yale. Nikirudi Mpwapwa, ambako tuna mbuga na wafugaji wenye mifugo mingi, huwa nalifikiria sana jambo hilo.

Mtoto wa Majengo

Na rali? Safari Rally ilipita mpaka Tanganyika zamani. Bert Shankland aliyekuwa anaishi Tanzania alishinda 1966 na 1967 kwa Peugeot 404. Tunamsahau kila mwaka.

Fundi wa Kizota

Kweli kabisa, na anastahili uzi wake. Fungua, nitakuja.

Kijana wa Makulu

Mkuu tupe na njia ya kwenda basi.

Fundi wa Kizota

Kwa kifupi. Viza ni ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, maombi ya Italia yanafanyika Dar. Ada kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024. Bima ya safari isiyopungua euro 30,000, taarifa za benki, mwaliko au hoteli, na uthibitisho kwamba una kazi ya kurudia. Anza mapema, miezi kadhaa kabla. Dodoma hadi Dar panda treni ya SGR, kisha ndege. Bologna ina uwanja wake, ukipata ndege ya kushukia pale umejiokolea safari ya kutoka Milano au Roma. Modena ni treni ya nusu saa hivi. Funo ina kituo chake cha treni, Funo Centergross. Novemba ukungu ni mzito na baridi ya maji, beba koti, hii ya Dodoma ya Juni haikuandai. Wanaendesha kulia, kwa hiyo ukivuka barabara angalia kwanza kushoto.

Mjukuu wa Dereva, Kibaigwa

Wakuu, babu yangu alikuwa dereva wa mashine kwenye Mradi wa Karanga. Alishafariki. Kwetu kuna kibao cha chuma alichokifungua kwenye trekta lake kabla halijachukuliwa, kina maandishi ya Kiingereza na namba, ila kimeliwa na kutu. Na kuna kipande cha mnyororo wa mashine, tunafungia geti la zizi. Nilikuwa nataka kukisugua hicho kibao kwa brashi ya waya nikipige rangi nyeusi kipendeze. Mnahitaji picha?

Mwalimu Kongwa

Tunahitaji! Na jina la kijiji alichofanyia kazi babu, na mwaka kama mama au baba anaukumbuka. Nitafungua daftari shuleni, kila kitu kiandikwe: ni nini, kiko kwa nani, kilitoka shamba namba ngapi. Mwenye mali anabaki nayo.

Mnunuzi wa Vyuma

Mwalimu, nina wawili watatu Mlali na Pandambili wenye vipande. Nitawauliza kama wanakubali kupigiwa picha. Kuuza au kutouza ni wao.

Fundi wa Kizota

Mdogo wangu wa Kibaigwa, brashi ya waya weka chini kabisa, na rangi usiguse. Ile brashi itakwangua namba pamoja na kutu, na namba ndiyo itakayotuambia kama ni buldoza la Marekani au ni Shervick. Chukua kitambaa cha pamba, kilowe kwenye mafuta ya taa, kifunike kibao usiku mzima. Asubuhi futa polepole upande mmoja. Maandishi yakianza kuonekana acha hapohapo, usitafute yang'ae. Piga picha jua likiwa chini, saa kumi na moja jioni, mwanga ukitokea ubavuni, herufi zilizofifia zitasimama. Weka rula pembeni ili tujue ukubwa. Ule mnyororo wa geti usiuondoe, hesabu tu pini zake na upime upana wa pingili moja, unitumie. Jumapili nina mzigo wa kupeleka Kibaigwa, kama mama anaruhusu nitapita na kalipa yangu ya kupimia.